Kifuniko cha Bakuli la Tetsuo

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, tarehe 15 Novemba, kifuniko cha bakuli la Tetsuo kilikuwa na matone ya maji kwa ndani.

Fumi alikigeuza ili mkwewe Jovelyn aone. Fumi alikuwa na miaka themanini na moja, na tangu mwanawe Tetsuo aende mlimani kuchuma uyoga akakosa kurudi, kila asubuhi alimpakulia wali, supu na figili, akaviweka mahali pake mezani. Ndivyo wanavyofanyiwa walio safarini katika kijiji kile. Kifuniko kikilowa, msafiri ni mzima.

“Umeona?” alisema. “Mzima.”

“Mama, wali wa moto ukiufunika unatoa maji.” Jovelyn alifunika bakuli lake mwenyewe, akangoja kidogo, akalifunua. Kifuniko kilikuwa kimelowa.

“Basi na wewe mzima. Kula, utachelewa kazini.”

Jovelyn hakula. Alikuwa mtu wa mji wa Iloilo, ng’ambo ya bahari, na kabla ya kuolewa huku Akita alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini. Sasa alifanya kazi hiyohiyo kwenye zahanati ya bondeni, mwaka wa tisa. Polisi walikuwa wamepata kiatu na taya chini ya genge. Tarehe 2 Novemba daktari wa meno alithibitisha kuwa taya ni ya Tetsuo. Cheti cha kifo kilikuwa ndani ya mkoba wa Jovelyn. Mabaki yalikuwa bado kituoni, kwa sababu Fumi alikataa kwenda kuyachukua.

Mke mgeni aliyefiwa ana siku kumi na nne za kuitaarifu ofisi ya uhamiaji. Siku ya kumi na nne ilikuwa kesho. Taarifa yenyewe Jovelyn angeweza kuipeleka peke yake, lakini kibali chake cha kukaa kama mke kingekwisha Januari, na ombi la kubaki nchini kama mjane lilihitaji mdhamini. Hakuwa na mwingine wa kumdhamini ila Fumi. Bila muhuri wa Fumi, ambao huko hutumika kama saini, angerudi Iloilo, ambako wazazi wake walishakufa na nyumba yao ilishauzwa.

“Mama, kesho ndiyo mwisho. Nakuomba muhuri.”

“Nikigonga hapo nimemzika.”

“Ameshakufa, Mama.”

“Amesema nani? Daktari wa meno?” Fumi alimega figili. “Yule alining’oa jino zima akaliacha bovu.”

“Na usipogonga, Januari naondoka. Nani atakuwashia jiko?”

“Nilikuwa nawasha jiko hili wewe hujazaliwa.” Akatafuna mpaka akamaliza. “Haya, wewe si mtu wa vipimo? Pima. Leo jioni lioshe bakuli lake, likaushe, lifunike likiwa tupu. Wali usiwemo, supu isiwemo. Kesho kifuniko kikiwa kikavu, nagonga.”

“Na kikilowa?”

“Hutaniuliza tena.”

Jioni Jovelyn aliliosha bakuli, akalikausha kwa vitambaa viwili, akaliweka mahali pa Tetsuo, akalifunika. Mahali pake mwenyewe aliweka bakuli la pili, tupu, kavu, limefunikwa vilevile, ili apate cha kulinganishia. Alizima jiko la mafuta ya taa. Alipotoka alibandika ukanda mwembamba wa karatasi kati ya mlango wa jikoni na fremu yake, mahali ambapo Fumi asingeuona.

Saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi ukanda ulikuwa haujakatika. Kipimajoto cha jikoni kilisoma nyuzi tisa. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Jovelyn alifunua kwanza bakuli lake. Kifuniko kilikuwa kikavu.

Akafunua la Tetsuo.

Matone yalikuwa makubwa kuliko ya jana. Mawili yaliungana, yakateleza hadi ukingoni. Aliligusa bakuli kwa nje. Lilikuwa na joto, kama lililotoka kushikwa mikononi.

Ukumbini mbao zililia. Fumi alikuwa anakuja, na hatua zake kutoka chumbani zilikuwa kumi na moja. Jovelyn alivuta mkono wa sweta lake hadi kwenye vidole, akakifuta kifuniko kwa ndani mara mbili, akakirudisha, akasogea kando.

Fumi aliketi. Alikifunua kifuniko kwa mikono miwili, akapitisha kidole ndani, kisha akakisogeza karibu na taa.

“Umekifunua kabla yangu?”

“Hapana, Mama.”

Fumi alimtazama. Halafu aliinuka, akafungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya barua ya mdhamini. Alama ilitoka imepinda kidogo.

“Hata kurudi tu nyumbani ameshindwa,” alisema.

Akawasha jiko, akapika wali, akalijaza bakuli lilelile. Akasimamisha vijiti vya kulia wima katikati ya wali, kama wanavyopewa wafu, akaupeleka mbele ya kabati la wahenga. Jovelyn alivaa koti, akatoka.

Garimoshi la mjini lilikuwa na joto la kutosha, na abiria wengi walivua makoti. Yeye hakuvua. Saa tano na nusu, kwenye ofisi ya uhamiaji, namba yake iliitwa. Karani wa dirisha la tatu, kijana mwenye miwani, alisoma fomu.

“Pole sana, dada. Sababu ya mabadiliko?”

“Kifo.”

“Tarehe uliyothibitishiwa?”

“Mbili Novemba.”

“Umewahi siku ya mwisho kabisa. Kuna lingine la kutaarifu?”

“Hakuna.”

“Basi saini hapa.”

Jovelyn alipandisha mkono wa koti ili aandike. Mkono wa sweta ulikuwa umelowa hadi karibu na kiwiko. Tone moja lilidondoka kwenye fomu, kando ya jina la Tetsuo.

Karani alitazama nje. Jua lilikuwa linawaka. Alichukua karatasi laini, akalikausha tone, na saa tano na dakika arobaini na mbili akagonga muhuri wa kupokelewa.