Bibi Yake Yasini

Kitendawili! Niliingia ofisini kikongwe, kabla sijakaa nikawa bibi harusi. Mkishindwa nipeni mji, lakini si huu wa Johannesburg. Huu siutaki.

Mjukuu wangu Yasini ana miaka kumi na mitano. Mama yake, mwanangu Saida, alifariki hapa Joubert Park, mimi niko Tanga. Nikapanda basi moja baada ya jingine mpaka nikafika. Nikakuta serikali imeshamchukua mtoto, imempeleka kwa familia ya walezi, watu wasiojua hata analala upande gani. Nikaomba nipewe. Wakakataa. Nikaomba nimwone tu. Hairuhusiwi, na sababu hawasemi. Mimi niliyemwogesha akiwa na kitovu kibichi, hairuhusiwi!

Miezi ikapita hivyo, juzi ndipo wakaniita ofisi ya ustawi wa jamii. Nikamkuta afisa mwenyewe, binti anaitwa Dineo, na mkalimani wake Pitchou, Mkongo wa Lubumbashi. Yasini amekaa pembeni, shingo imebaki kijiti.

Nikamkumbatia. "Mume wangu! Ndiyo wamekukondesha hivi?"

Si utani wa kwetu huo? Mjukuu wa kiume ni mume, akikataa uji unamtishia talaka. Lakini Pitchou akatoa macho. Akamwambia Dineo kitu kwa Kiingereza, binti akaruka, akasimama katikati yetu, akamwita mlinzi.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama," Pitchou akasema, "siku ya kwanza mutoto alisema anataka kurudi kwa bibi yake. Sasa na wewe unamwita bwana yako."

"Kwani bibi yake si mimi?"

"Basi unakubali!"

"Nakubali nini, wewe mwanamume?"

Mlinzi keshamshika Yasini mkono, anamtoa. Mtoto akapiga kelele kwa Kizulu alichojifunza huko kwa walezi: "Ugogo wami! Ugogo wami lo!"

Dineo akaganda. "Gogo?"

Gogo hapa mjini ni nyanya ya mtu, hata mimi mgeni nalijua. Pitchou akashika kichwa. "Ee Mungu! Mama, unisamehe. Kwetu bibi ni muke. Mwenye kuzaa mama yako tunamwitaka nkambo."

Jamani! Kumbe miezi yote hiyo nanyimwa mtoto kwa kuwa mimi ni mke wake! Na meno haya matatu!

"Hukuuliza huyo bibi ana umri gani?" nikamwambia. "Mtoto kafiwa na mama, anamlilia bibi yake, wewe unamwoza?"

Alipotafsiriwa, Dineo akacheka. Mimi sikucheka. Akaomba radhi, akasema nitamwona Yasini kila Jumamosi, ila atabaki kwa walezi mpaka hakimu aamue.

"Kumnyima nyanya yake lilitosha neno moja, tena lililokosewa," nikasema. "Kumrudisha ndiyo anatafutwa hakimu? Tafsiri, Pitchou. Lote, usipunguze."

Akatafsiri. Dineo akainamisha macho. "Ndiyo sheria, gogo."

Sheria! Nikamsindikiza mjukuu wangu mpaka kwenye gari la walezi, nikamfunga mkanda kwa mkono wangu.

"Usilie, bibi."

"Nani analia?"

Nikageukia ukutani haraka. Pitchou alikuwa amesimama mlangoni, nikachelea asije akayatafsiri na machozi.