Pikseli Kumi na Mbili

Mama mkubwa alibakiwa na jicho moja, na hilo nalo lilikuwa linafifia. Daktari bingwa wa upasuaji hufika hospitalini kwetu mara moja kwa mwaka, wiki mbili tu. Ratiba ya wagonjwa huwekwa kwenye tovuti, na anayeitunza tovuti hiyo ni mimi.

Nasema naitunza kwa heshima ya cheo tu. Sura ya kurasa huamuliwa makao makuu, na safari hii mjuaji mmoja wa huko aliona majedwali yetu yanakula nafasi. Akafuta mistari ya kutenganisha safu, kisha akaandika kanuni ya mtindo: nafasi ndani ya kila kisanduku, sifuri. Safu zikabanana hadi vichwa vikasomeka TareheSaa. Nikaandika kanuni yangu, nafasi ya pikseli kumi na mbili, vile vitone vya kioo, kila upande. Ya kwake alikuwa ameipa alama ya kuzishinda zote, basi yangu ikawa kama haipo. Nikampigia simu.

"Dada, ombi lako limepokelewa," akasema. "Ila kwenye simu jedwali limependeza, sivyo?"

"Halisomeki, kaka."

"Watazoea."

Natamani ningemvuta sikio. Siku tatu nilihangaika na lile jedwali, nikipima upana wa safu, bila kusoma mstari hata mmoja wa mgonjwa. Mama mkubwa nilimpigia kumuuliza kama ameijua siku yake.

"Fundi cherehani jirani amenisomea, mwanangu. Saa tu ndiyo hawajaweka. Nitawahi asubuhi."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Kila mgonjwa alikuwa na saa yake. Nikamwambia sawa, nikarudi kwenye pikseli zangu.

Alikuja tarehe kumi na nne, ameoga, hajatia kitu tumboni, na begi la kulalia wodini mkononi. Muuguzi alipekua orodha yake, kisha akanitazama mimi badala ya mama mkubwa.

"Mama alikuwa wa tarehe moja, saa nne. Tulimsubiri, nafasi akapewa mwingine. Daktari ameondoka jana."

"Na mwakani?"

"Mwakani sidhani kama hilo jicho litakuwa linaona," alinong'ona, lakini masikio ya mama mkubwa ni mazima.

Nilimkalisha kwenye benchi. Nikaanza kumweleza habari za visanduku na sifuri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha. Kisha akanipa simu yake.

"Nisije nikamlaumu fundi wa watu bure. Hebu nisomee wewe."

Nikautafuta mstari wake. Nilijua kuna moja na kuna nne, na nilijua zilipaswa kuachana kwa kiasi gani. Nikaisogeza simu karibu, nikaisogeza mbali.

"Inasemaje?"

"Kumi na nne, mama."