Mche Uliobaki na Kiriba

Siku ya kupanda nilimaliza mstari wangu kabla ya wote, nikajisifu mpaka koo likanikauka. Wifi yangu, dada wa mume wangu na mtunza kitalu wa ushirika, alikuwa bado shimo la ishirini, anachana kila kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, kwa wembe na kuutoa mche na udongo wake.

"Wifi, unapanda miti au unaogesha vichanga?" nikamtania. Wote wakacheka.

Hakuna aliyejua kwamba mimi nilifukia miche hamsini na mifuko yake ya plastiki. Nilitaka tu kuwa wa kwanza. Haraka haraka haina baraka, nimewaimbia hivyo wanangu wote.

Ulikuwa mteremko uliokwisha rutuba, udongo umeoshwa na mvua, korongo linasogelea nyumba. Masika mawili baadaye miti ya wenzangu ilinifika begani. Yangu ilikuwa ya goti, ya njano. Mwenyekiti wa ushirika akakumbuka kwamba miche yangu ilitoka tuta la mwisho la kitalu, akaitisha kikao ghalani.

"Tuta lile hukulimwagilia," akamwambia wifi.

"Nililimwagilia." Akanitazama mara moja tu, akainamisha macho.

Mwenyekiti akasema wanaotaka wifi akabidhi ufunguo wa kitalu wanyooshe mikono. Kitalu kile alikianzisha wifi mwenyewe, kwa kuokota mbegu moja moja. Mkono wangu ukapanda pamoja na ya wengine. Naona aibu hata kulisema. Wifi akauweka ufunguo mezani, akajifunga kanga vizuri, akatoka.

Asubuhi nilikwenda mteremkoni na jembe, nifukue mifuko kabla hajaiona mtu. Nikamkuta wifi amepiga magoti kwenye mstari wangu, wembe mkononi. Miti kumi na miwili alikwisha ifungua na kuirudishia udongo.

Nikaliweka jembe chini. "Umejua tangu lini?"

"Tangu masika yaliyopita. Mmoja ulilazwa na upepo, nikauona mfuko."

"Na jana ukanyamaza?"

"Wewe ni mke wa kaka yangu. Nilijua utasema mwenyewe." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Halafu nikauona mkono wako."

Ningefurahi kama angenitukana. Alinipa wembe wa pili tu, akasema, "Chana polepole. Mizizi imejisokota, ukiivuta inakatika."

Tulifanya kazi mpaka jua likawa kali. Kila mfuko niliochana, mizizi ilikuwa imezunguka humo ndani ikitafuta pa kutokea. Nililia, naye hakunibembeleza. Alikuwa na haki.

Mti wa hamsini sikuuchana. Niliung'oa na kiriba chake, nikaukumbatia kifuani, nikashika njia kubwa kuelekea kwa mwenyekiti, mchana kweupe, watu wamejaa vibarazani.

"Mama, mbona umebeba mti na mfuko wake? Wa nani huo?"

"Wangu," nilimjibu kila aliyeuliza. "Nilipanda hivi mwenyewe."