Antena za Nyabibuye

Saa nne asubuhi Esteri Niyubahwe alimaliza kusimika antena nane kwa mstari juu ya kilima cha Nyabibuye, akaketi kwenye kigoda cha kuazima, kompyuta mapajani. Alikuwa mhandisi, mzaliwa wa Kasulu. Kampuni ya simu ilimtuma apime ni ishara ngapi za simu za watu zinafika pale kwa wakati mmoja. Zikiwa nyingi, mnara ungejengwa. Zikiwa chache, wenyeji wangeendelea kupanda vichuguu kutafuta mtandao.

Kompyuta ilionyesha ishara saba. Esteri hakuridhika, kwa sababu antena nane haziwezi kutenganisha zaidi ya saba. Huenda nyingine zilijificha nyuma ya hizo. Akaongeza antena ya akiba. Zikawa nane. Zote zilitoka bondeni, kwenye mto wa mpakani, ambako hapakuwa na nyumba wala simu.

Alizisikiliza, kisha akamwita mwenye kigoda, Immakulata, aliyekuwa akipalilia maharage karibu.

"Mama, kuna mtu anasema yeye ni Nestori."

Immakulata akafuta mikono kwenye kitenge. Nestori, mwanawe wa kwanza, alizama walipokuwa wakivuka kutoka Burundi. Ofisi ya wakimbizi iliyowapokea ilisema hakuna aliyekufa, maana hakuna maiti iliyoonekana. Sasa Nestori alimsalimia kwa Kirundi, akaulizia wadogo zake, halafu akaomba waongeze vyuma. Waliozama walikuwa wengi, na wa nyuma hawasikiki.

Habari ikafika Kibondo, ikafika Kasulu. Watu wakapanda na spoku za baiskeli, njiti za miavuli, vitanda vya chuma. Reverien, katekista, alileta msalaba wa bati wa kanisani, akasema Jumapili atauhitaji. Kila chuma kilichosimikwa kilitenganisha sauti moja zaidi, na kila sauti ilitaja jina lake na kuulizia watu wake. Bosi wa Esteri alimpigia simu akamwambia hayo ni makelele tu, ayachuje. Esteri hakuchuja hata moja.

Alasiri moja Reverien akasimika bomba la maji, na hesabu haikupanda. Wakaongeza jembe. Haikupanda. Wakaongeza sufuria tatu. Ikabaki mia nne na kumi na mbili.

Esteri akasimama. "Hakuna aliyebaki nyuma," alisema. "Tumewapata wote."

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo. Wanawake waliita majina, na kila jina liliitika. Immakulata alicheza mpaka kitenge kikamfunguka, akakifunga tena, akaendelea kucheza.

Kampuni iliandika kwamba pale hakuna mteja, kwa kuwa marehemu hawanunui vocha, na mnara ukajengwa kwingine. Majina yakapelekwa kwenye ile ofisi ya wakimbizi. Mtumishi wake mmoja alipanda kilimani, akasimama katikati ya vyuma na kusoma jibu: kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuna aliyekufa mtoni.

Nestori akamuuliza mama yake ni nani huyo anayesoma.

"Mtu wa ofisini," Immakulata alimjibu. "Endelea, baba. Nakusikia."