Mwali wa Jiko la Spiriti

Jana usiku nililala na njaa. Mwenye njaa, wanasema, huota anakula. Mimi niliota napika, na hilo lenyewe ni ajabu, kwa sababu sijui kupika.

Niseme kwanza tulikuwa wapi, ndoto isije ikaonekana ya uongo. Tulikuwa kwenye uwanda wa maua wa Kitulo, mimi na mke wangu Atuganile, ndani ya hema la kuazima. Mimi ni fundi maabara wa shule ya sekondari huko Mbeya. Atuganile ni mpishi wa bwalo katika chuo cha ualimu. Kila siku anapikia watu mia nne, kisha anarudi nyumbani kunipikia mimi, wa mia nne na moja. Mambo yamekwenda hivyo miaka kumi na tisa. Likizo ya mwaka huu ilipofika akaniambia, "Baba Lusajo, twende huko kwenye maua yako. Siku tatu. Ila nikishika mwiko hata mara moja, napanda gari la kushuka."

Nikasema hakuna shida. Spiriti naijua, ndiyo kazi yangu. Nikanunua jiko dogo la spiriti, la shaba, limezidi kidogo kopo la maziwa, nikafungasha na kilo moja ya maharage. Siku ya kwanza nikayachemsha toka saa nne asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka. Yakatoka kama yalivyoingia, ila yamekasirika. Atuganile alikula biskuti nne, akanawa mikono, akasema, "Kesho saa mbili asubuhi kuna gari linashuka Matamba." Akanigeuzia mgongo.

Nami nikalala. Sasa ndoto yenyewe.

Ni mchana, jua la utosi. Nimechuchumaa mbele ya jiko. Jiko linakohoa.

"Ndugu Mwakipesile," linasema, "umesoma maelekezo?"

Sauti yake ni ya mkuu wa shule aliyekaribia kustaafu. Najibu kwamba nimeyapitia.

"Umeyapitia, au yamekupitia?"

Nikafikiri, nikakiri kwamba yamenipitia.

"Soma la kwanza."

Nikatoa karatasi mfukoni. "Tumia nje tu."

"Na hapa ni wapi?"

Nikatazama. Tulikuwa ndani ya maabara ya shule. Sikushangaa sana, humo nimekaa saa nyingi kuliko nyumbani kwangu. Nikaomba radhi, nikainama nilibebe jiko nje.

"Usinibebe nikiwa nawaka," likasema. "Wao ndio watoke."

Kuta zikaanza kutoka, mmoja mmoja, kwa adabu. Ukuta wenye ubao uliupachika ubao wake kwapani. "Tuwie radhi, fundi," ukaniambia uliponipita, "hatukujua kuna jiko." Dari lilichelewa kidogo, lilikuwa linatafuta viatu vyake, kisha nalo likaondoka. Tukawa nje. Nyasi za Kitulo zilikuwa zimeota kati ya meza, na upande wa mirija ya kupimia palikuwa na maua.

Hapo haja ndogo ikanibana. Nikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Najisaidia mara moja, mkuu."

"Soma la pili."

"Usiliache jiko bila mtu."

"Haya, twende."

Likanifuata kwa vijiguu vyake vitatu, sufuria kichwani, bila kumwaga hata tone. Tulipofika nyuma ya kichaka likageukia upande wa pili.

"Sitazami," likasema.

Sikufanikiwa. Tukarudi.

Njiani nikasikia kitu kinagonga kifuniko kutoka ndani. Nikafunua. Maharage yalikuwa kwenye mkutano. Mwenyekiti wake, harage kubwa lenye madoa mekundu, alinitazama mpaka nikavua kofia.

"Sisi hatukulowekwa," akasema. "Tangu jana tunauliza ni nani aliyepaswa kutuloweka, na kila mtu anatazama pembeni."

"Ni mimi," nikasema.

"Iandikwe kwamba amekiri."

Maji yalikuwa yameketi kwenye ukingo wa sufuria, yamekunja nne. "Mimi nisihusishwe," yakasema. "Nimechemka tangu saa nne. Huku juu mlimani mimi huchemka kabla sijapata moto. Ndivyo nilivyo."

"Kuchemka si kuivisha," nikayaambia, kifundi.

"Hilo kaongee na anayepika. Mimi ni maji."

Nikainua macho nimtafute anayepika, nikajikuta kwenye bwalo la chuo cha mke wangu. Wanafunzi mia nne wamekaa na sahani zao. Wanagonga vijiko taratibu, bila hasira, kama mvua inayoanza juu ya bati. Meza ya mbele, kwenye kiti cha mgeni rasmi, amekaa Atuganile. Mikono yake miwili imelala mapajani, haina kitu.

Nikashtuka kuliko niliposikia jiko likiongea. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona mikono ya mke wangu ikiwa haina kitu. Nilikuwa sijui kwamba kidole chake kidogo cha kulia kimepinda.

Mbele yake ilikuwa chupa ya spiriti, imebaki upana wa kidole kimoja. Kwenye kibandiko pameandikwa: Subira ya Mama Lusajo.

"Hii inauzwa wapi?" nikalinong'oneza jiko.

"Haiuzwi."

"Basi niiongeze kwa namna yoyote."

"Soma la tatu."

"Usiongeze spiriti jiko likiwa linawaka."

"Umeona? Zima kwanza."

Kabla sijainama, mlangoni pakabishwa hodi. Akaingia mama mmoja mnene, mkononi ana miavuli mitatu iliyopinduka. Alikuwa Upepo.

"Nasikia mnanikinga," akasema. "Nimewakosea nini?"

"Si sisi, mama. Ni maelekezo, la nne."

"Kila ninapokwenda ni maelekezo! Nikiingia, watu wanafunga madirisha. Nikitoka, wanasema leo joto." Midomo ikamtetemeka. Mwanafunzi mmoja akampisha kiti nyuma kabisa, karibu na ndoo za maji. Akakaa amenuna, akipeperusha madaftari ya watu. Wanafunzi wengine wakasogeza migongo, wakalizunguka jiko. Wala hawakuambiwa.

Nikainama nizime moto. Sikuona moto.

Nikageuza kichwa huku na huku. Tundu la jiko lilikuwa tupu, kweupe, naona mpaka chini.

"Kuna mtu humo?" nikauliza.

"Nipo," ikajibu sauti ya kike, nyembamba.

"Wewe nani?"

"Mwali."

"Mwali gani?"

"Mwali wa jiko, wangapi unawajua? Na mwali haonekani mchana. Limeandikwa hapo la tano, na hata lisingeandikwa, nyumbani kwenu hamkufundishwa? Mwali hutawa."

Nikaona aibu. Nikashusha sauti, kama mtu anayezungumza na binti wa watu nyuma ya pazia. "Samahani, dada. Ila nitajuaje kama upo?"

"Weka mkono."

"Nitaungua."

"Hapo utakuwa umejua."

"Na wewe ndiwe unayepika?"

"Mimi. Siku zote ni mimi. Watu huona chakula tu."

Nikamtazama Atuganile. Alikuwa ameelekeza macho dirishani, na ile spiriti kwenye chupa ikashuka nusu kidole palepale. Vijiko mia nne viliongeza mwendo. Nilijua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba ikiisha atanyanyuka kwenye kile kiti, atafunga kitenge kiunoni, atashika mwiko, na sitamwona tena ameketi.

"Dada," nikasema, "sikuzimi. Nataka nikuone tu."

"Mwali hafunuliwi kwa mikono mitupu. Umekuja na nini?"

Nikapekua mifuko. Nilikuwa na ile karatasi ya maelekezo peke yake.

"Hiyo sitaki, inanisema. Nyusi unazo ngapi?"

"Mbili."

"Unazitumia zote?"

Nikalifikiria swali hilo kwa haki. Ya kulia naitumia kila siku. Ya kushoto naipandisha wakati wa mitihani ya vitendo, mwanafunzi akiniambia kwamba amepima mara tatu.

"Ya kushoto mara chache," nikasema.

"Lete."

Nikainama, uso juu ya tundu. Pakalia *chss*, kama mafuta kwenye kikaango. Na hapo nikamwona: wa manjano, mrefu kutoka tunduni hadi darini, anacheza mabega polepole, hana haraka na mtu. Bwalo zima likapiga vigelegele. Hata Upepo alipiga, kimoja tu, na miavuli yake yote mitatu ikarudi sawa.

Chini, ndani ya sufuria, mwenyekiti mwenye madoa akasema, "Aaa," kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Ganda lake likapasuka. Aliiva.

Nilimchota kwa kijiko, yeye peke yake, nikaenda meza ya mbele. Nilitembea muda mrefu, kwa kuwa bwalo lilikuwa limerefuka, na jiko lilikuwa nyuma yangu, tiki, tiki, tiki, kwa sababu haliwezi kuachwa bila mtu. Nikafika. Atuganile akanitazama mimi, akatazama kijiko. Akafungua mdomo. Akatafuna. Wanafunzi wakaacha kugonga. Akameza, akavuta pumzi ili aseme.

Nikaamka.

Kumekucha. Hema limelowa umande na linanuka soksi zangu. Atuganile alikuwa amekwisha kuvaa koti, begi begani, amepiga magoti karibu na mlango wa hema. Alikuwa ananikazia macho usoni.

"Baba Lusajo."

"Naam."

"Nyusi yako ya kushoto iko wapi?"

Nikapeleka mkono. Pale juu ya jicho palikuwa na ngozi tupu, laini kama ya mtoto mchanga, bado ina joto.

"Nilikuwa napika," nikasema.

"Saa ngapi? Mbona sikukusikia ukitoka?"

"Sikutoka."

Akasogea, akaninusa paji la uso kama anavyonusa samaki sokoni. Akarudi nyuma. Chini barabarani gari likapiga honi mara mbili, likasubiri, likapiga tena. Mimi nikamweleza yote, kuta, maji, mama wa miavuli, mpaka lile harage. Nilitaka aelewe kwamba nilijitahidi.

"Liliiva moja tu," nikasema. "Nikakupa wewe. Nikaamka kabla hujasema kitu."

Tulisikia gari likiondoka, likibadilisha gia mlimani, sauti ikififia. Atuganile akashusha begi begani, akavua koti, akalikunja likawa mto.

"Lilikosa chumvi," akasema.

Kisha akalala, akavuta blanketi mpaka shingoni, mikono yote miwili ikabaki juu yake, imetulia. Nilikaa pale nimeduwaa mpaka akafumbua jicho moja.

"Chai ikiwa tayari niamshe," akasema. "Na hiyo nyusi iliyobaki, uichunge."