Mito Kumi na Minane Isiyokaliwa

Fundi cherehani mmoja alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa na presha. Ilimshika akiwa mjamzito, ikagoma kuondoka hata mtoto alipozaliwa na kuanza kutembea. Kila asubuhi binti alimeza kidonge kimoja cheupe, na kila asubuhi mama yake, hata akiwa chumba cha pili anakanyaga cherehani, alitega sikio asikie kichupa kikitikisika. Usimcheke. Marehemu mumewe, baba wa binti, naye alikuwa na kichupa kama hicho. Alikiweka kando mwaka ule kichwa kilipoacha kumuuma, akasema amepona. Miezi minne baadaye alianguka bafuni, na hakuinuka tena.

Sasa, asubuhi hiyo kichupa hakikutikisika.

"Mwanangu, umemeza dawa?"

"Bado, mama. Na leo huenda nisimeze." Binti akatoa kijitabu kwenye mkoba, akakiweka juu ya kitambaa kilichokuwa kinakatwa. "Soma hapo."

Fundi aliishia darasa la saba, lakini kusoma anasoma. Kijitabu kilikuwa cha wale watu wa ukimya, kundi la dini lililokodi ukumbi ghorofa ya nne mtaa wa pili. Fundi hakuwa na ugomvi nao. Walikuwa watu wa adabu, wasiopiga kelele, na yeye ndiye aliyewashonea mito arobaini ya kukalia walipoanza utafiti wao, mto mmoja kwa kila mtu. Tena tangu binti aanze kukaa nao, hamfokei mtoto ovyo wala halali na simu mkononi. Lakini kijitabu kilisema hivi: utafiti wa kisayansi umethibitisha kwamba kila aliyemaliza miezi sita ya tafakuri, presha yake ilishuka. Na siku hiyo, waliojiona tayari wangetia vichupa vyao kapuni mbele ya wenzao na kuagana na dawa.

"Hii ni sayansi, mama, si miujiza. Wamepima kwa mashine."

"Nani kapima?"

"Wao wenyewe."

"Nikikushonea gauni, halafu mimi mwenyewe nikwambie limekukaa vizuri, utaniamini au utatafuta kioo?"

"Wewe nakuamini, mama."

"Ndiyo maana ulikwenda kwenye mahafali pindo limepanda upande mmoja."

Binti akacheka mpaka akashika mlango. Hata hivyo kichupa alikirudisha kwenye mkoba bila kukifungua.

Fundi akafunga cherehani, akachukua sindano na uzi. "Twende wote. Nilisikia kuna mto umefumuka." Mto ulikuwa umefumuka kweli, ila si huo uliomtoa nyumbani.

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo walipanda kwa miguu. Kufika ghorofa ya nne, fundi alikuwa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Pale pale mlangoni palikuwa na meza, na msichana wa koti jeupe waliyemwita Mpimaji, na mashine ya presha. Kila aliyefika alipimwa kwanza, ndipo aingie.

"Karibu, mama. Leta mkono."

"Ngoja nipumue, mwanangu."

"Ni dakika moja tu, nyuma yako kuna foleni." Akamzungushia kitambaa mkononi, mashine ikavuma. "Mia moja sitini na nane. Iko juu, mama yangu. Ingia ukatulie."

Fundi akaingia. Kiongozi wao, wanayemwita Mtulivu, alikuwa amekwisha kaa mbele amefumba macho. Watu wakafumba nao, binti akiwemo. Fundi akakaa ukutani, akapakata ule mto uliofumuka, ambao mwenyewe alikuwa amekalia kanga, akaanza kuushona. Na hapo ukweli usemwe: hakutafakari hata kidogo. Muda wote alikuwa anagombana moyoni na mteja aliyerudisha sketi akidai imeruka maji, ati ni fupi, kumbe mwenyewe ndiye aliyeongezeka. Alimjibu mara nne, kila mara kwa maneno makali kuliko yaliyopita.

Akiwa katika majibu hayo ndipo alipoiona mito kwenye kona. Ilikuwa imepangwa hadi karibu na dirisha. Akaihesabu kwa jicho kama anavyohesabu vitambaa: kumi na minane. Watu waliokaa ukumbini, ukimtoa yeye, walikuwa ishirini na wawili.

Tafakuri ilipokwisha, Mpimaji akapita na mashine yake kwa kila mmoja, pale pale alipokaa. Kwa fundi ikasoma mia moja thelathini na sita.

"Umeona, mama!" Msichana alipiga makofi. "Siku ya kwanza tu! Ukimya umekufanyia kazi." Na akaandika kwenye daftari.

"Umeandika nini hapo?"

"Kwamba tafakuri imekushusha."

"Mimi nilikuwa nashona na kumsuta mteja."

"Lakini imeshuka, mama. Mashine haisemi uongo."

"Sisemi mashine inasema uongo. Ulinipima nimetoka kupanda ngazi, moyo uko kooni. Halafu umenipima nimekaa karibu saa nzima. Ungenikalisha kwenye benchi la kinyozi, si ingeshuka vilevile? Mimi nikimpima mtu kiuno ametoka karamuni, kisha nikampima tena hajala tangu jana, siwezi kwenda kutangaza kwamba futi yangu inapunguza tumbo."

Watu wawili watatu wakacheka. Binti hakucheka. Kapu lilikuwa limekwisha wekwa katikati ya ukumbi, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba.

Mtulivu akasogea, akachuchumaa mbele ya fundi kwa heshima. "Mama, una neno. Liseme lote."

"Baba, mimi ni fundi tu. Nilishona mito arobaini. Hii kumi na minane, wenyewe wako wapi?"

"Waliacha kuja kabla ya miezi sita."

"Na presha zao?"

"Hatukuwaingiza kwenye hesabu. Tuliona hawakuwa na imani ya kutosha."

"Kwa hiyo mlihesabu waliobaki, mkasema kila mmoja amepata nafuu."

Mtulivu akageuka kuitazama ile mito ya kona. Na hapa mwenye mtoto aliyeletewa kijitabu cha namna hii asikilize vizuri: aulize watu walipimwa saa ngapi, aulize walioacha wako wapi. Hayo hayahitaji shule kubwa.

Binti akamgeukia msichana wa mashine. "Dada Mpimaji, namba zao za simu unazo?"

"Kadi zao ninazo, kwenye bahasha."

"Mpigie mmoja. Yeyote. Weka sauti tusikie."

Mpimaji akamtazama Mtulivu, na Mtulivu akakubali kwa kichwa. Simu ikaita mara tatu, akapokea mwanamke ambaye kwa nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma.

"Niliacha kwa nini? Si nilikwambia, dada! Presha yangu haikushuka. Napanda hizo ngazi zenu mpaka naona nyota, nikiketi bado iko juu, ukaniambia niongeze imani. Nikaenda hospitali, wakaniongezea dawa. Sasa sijambo. Mtulivu hajambo? Msalimieni, ana sauti nzuri yule baba."

Simu ikakatwa. Mtulivu alibaki amechuchumaa, anatazama sakafu.

"Mama, sikukusudia kumdanganya mtu."

"Najua, baba. Ungekuwa tapeli kazi yangu ingekuwa rahisi. Ningekutukana tu, nikaondoka na mwanangu."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekosea na anajua. Kisha akainuka, akaliondoa kapu mwenyewe na kuwaambia watu suala la dawa walirudishe kwa madaktari wao. "Na wewe," akamwambia Mpimaji, "leta hiyo bahasha. Tutawapigia wote, na watakayosema tutayaandika."

Fundi alikuwa anamwangalia binti yake. Hakuthubutu kusema kitu. Alimjua: ukimsukuma, anarudi nyuma.

Binti alitoa kichupa kwenye mkoba, akakitazama. "Mama, mimi hapa nitaendelea kuja. Moyo wangu unatulia hapa, na hilo sikulisoma kwenye kijitabu."

"Njoo kila siku. Nani kakukataza?"

"Basi niombee maji."

Fundi alikwenda mwenyewe kwenye ndoo, akajaza kikombe mpaka kikamwagika njiani. Binti akameza, akafuta mdomo, akamuuliza Mpimaji ni nani anayefuata kwenye bahasha.