Nguzo Namba Saba

Asubuhi sheria mpya ya ujenzi ilipoanza kutumika katika nchi zote za ukanda, mkaguzi wa majengo alikuta nguzo imesimama sebuleni kwake, kati ya kochi na meza. Plasta ilikuwa imebaki huko ilikotoka, kwa hiyo namba iliyoandikwa na mafundi ilisomeka vizuri: saba. Ilikuwa ya jengo la ghorofa nne alilolipitisha miaka mitatu nyuma. Mke wake alifagia kuizunguka, akauliza kama itakaa sana, kisha akatundika mkoba kwenye ncha ya nondo iliyochomoza.

Mkaguzi hakuhitaji kuambiwa nguzo imefuata nini. Nondo hukaguliwa kabla ya kumwaga zege, maana zege likishamwagwa hakuna wa kuziona tena. Siku ile kulikuwa na matope na yeye alikuwa na viatu vipya. Mkandarasi akamtumia picha kwa simu, nondo nane zimenyooka kama askari, naye akasaini garini. Kwa kila nguzo ilikuja picha, na katika kila picha ndoo ileile ya bluu ilikaa pembeni palepale, kana kwamba nguzo iliyopigwa picha ni moja tu. Kusema kweli, ndoo aliiona. Aliiona tangu picha ya pili.

Sheria mpya haikuwa na mchezo: mkaguzi atakayesaini bila kufika atakwenda jela. Lakini kifungu cha mwisho kilisema hati zote zilizotolewa kabla ya siku hiyo ni halali, majengo yaliyopitishwa kwa hati hizo yahesabike kuwa imara, na majalada yasifunguliwe tena. Ofisini wenzake walipeana mikono. Yeye alishuka masijala akaeleza kwamba nguzo namba saba iko nyumbani kwake. Karani alilipekua jalada bila haraka.

"Hapa imeandikwa ipo kwenye jengo," alisema. "Tena umesaini mwenyewe, mzee."

Mkaguzi alishusha pumzi. Pumzi ile ilimtia aibu kuliko saini.

Jumamosi alikuja mdogo wake wa kike, ambaye alipanga chumba chini kabisa katika jengo lile pamoja na watoto wake wawili. Chumba alitafutiwa na kaka yake, aliyejigamba mbele ya ukoo mzima kwamba jengo amelikagua kwa macho yake. Aliikuta nguzo, akaigonga kwa kidole. Ililia kama debe tupu.

"Kumbe imekuja huku, kaka. Sisi tulidhani wamekuja kuiondoa tukiwa kazini."

Hakulalamika. Alisema chumba sasa kina nafasi mpaka raha. Dari imeshuka kidogo, mlango ukawa unakwama, lakini fundi seremala ameupunguza juu na unafunga. Halafu akamtazama kaka yake kwa yale macho ya utotoni, ya kumwamini kwa kila kitu.

"Lakini ni salama, si ndiyo?"

Mkaguzi alikaribia kusema ukweli. Jela hakuiogopa, sheria ilikuwa imeshamsamehe. Aliogopa macho yale yabadilike.

"Kisheria ni salama," alisema.

"Basi. Ukishasema wewe, nani abishe?"

Akamwomba aje kesho yake wasogeze kitanda cha watoto, kiache kubanana na jiko. Mkaguzi akaenda. Katikati ya chumba, pale nguzo iliposimama, sakafu ilikuwa na mraba usio na rangi, na juu yake dari ilikuwa imefanya tumbo. Alishika upande wa miguuni, mdogo wake upande wa kichwani, wakakiweka kitanda juu ya mraba ule. Kilienea vizuri. Mtoto mdogo akapanda na kuanza kurukaruka.

"Usiruke," mkaguzi alimwambia.

"Mwache mwanao, mjomba," mama yake akacheka. "Kitanda hiki mbao zake ni ngumu."

Mkaguzi akasema anajua.